Uso wa Mama Njeri na Ua la Wizi

Nyinyi vijana mnaoshika brashi, mara kwa mara mnaniuliza nani alinifundisha kuchora nyuso. Jibu la heshima lingekuwa jina la mwalimu fulani mwenye ndevu. Jibu la kweli ni kwamba nilisema uongo, uongo ukaninasa, na ikabidi nijifunze kabla ya Jumamosi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, pale Thika. Nilikuwa nimetoka upande wa Bungoma kutafuta kazi ya kiwandani, nikaishia katika karakana ya Fundi Nathani, mwandishi wa mabango, karibu na stesheni ya reli. Tuliandika majina ya maduka, ya vinyozi, ya mabucha, ya malori. Herufi, herufi, herufi. Fundi Nathani alikuwa Mkamba mnene, mpole wa mkono na mkali wa mdomo. Alinifundisha kupiga uzi wa chaki ubaoni ili mstari unyooke, kuegemeza kifundo cha mkono juu ya fimbo ili brashi isitetemeke, na kuipa kila herufi kivuli upande wa kulia ili ionekane imesimama. Nyuso hakunifundisha. Alisema nyuso ni matatizo matupu, maana herufi haijawahi kurudi dukani kulalamika kwamba haikuchorwa vizuri.

Nami nilikuwa na ugonjwa wangu, ambao sijaupona mpaka leo. Sikujua kuacha. Nikimaliza herufi naipima kwa uzi, naona upande mmoja umenenepa kiasi cha unywele, nafuta kwa tapentaini, naanza tena. Usiku nikilala naiona ile herufi, bado imenenepa. Kuna siku neno BUCHA lilinichukua tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Mwenye bucha alikuja, akatazama, akageuka kwa Fundi Nathani.

"Fundi, ng'ombe amechinjwa, ameuzwa, ameliwa, na jina bado?"

Fundi Nathani akanishika sikio. "Wanjala, hiyo herufi unaipaka rangi au unaibatiza?"

Sasa sikilizeni dhambi yenyewe.

Jumatatu moja Fundi alikuwa ameenda kuandika lori la mteja, nikabaki peke yangu. Akaingia mama mmoja mrefu, mkavu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watu ng'ambo ya bonde. Aliitwa Mama Njeri. Alitoka Ruiru, ambako alikuwa amefanya kazi katika shamba la kahawa la mzungu tangu akiwa msichana. Sasa alikuwa amepata ruhusa ya kufungua hoteli ya chai kando ya barabara. Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho shambani, Jumamosi hoteli inafunguliwa, na alitaka bango.

"Niandike nini, mama?"

"Usiandike. Mimi sijui kusoma, na watu wangu wa kahawa hawajui kusoma. Ukiandika, nani atajua chai ni ya nani? Nataka uso wangu. Na mkononi nishike maua ya kahawa." Akanikagua kutoka nywele hadi vidole vya miguu. "Unajua kuchora watu?"

"Najua, mama."

"Umechora wangapi?"

"Wengi."

"Wako wapi?"

"Walikuja wakachukua."

Maisha yangu yote nilikuwa sijachora hata kuku.

Fundi Nathani aliporudi nikamweleza. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Alikaa juu ya debe lake akajifuta jasho. "Sawa. Jina la karakana yangu litakuwa chini ya huo ubao. Jumamosi nitapanda treni niende nikasimame chini yake. Mtu mmoja akiuliza, 'Huyu kwenye picha ni nani?', Jumatatu usije hapa. Nenda kiwandani, huko hawaulizi mtu ni nani."

Kwa hiyo nilikuwa na siku nne. Walimu wangu walikuwa wawili: kipande cha kioo kilichovunjika, na kifuniko cha bati la biskuti kilichochorwa bibi wa kizungu ameshika waridi.

Nilianza na kioo. Jioni ile nilijichora mwenyewe ubaoni. Nilipima pua kwa uzi, nikapima umbali kati ya macho, nikapima midomo. Kila kitu kilikuwa sahihi. Kisha, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoijua, nikauzungushia uso mzima mstari mweusi kama ninavyozizungushia herufi, na pua nikaipa kivuli upande wa kulia.

Fundi Nathani alipita, akasimama. "Pole sana. Alikufa lini?"

Basi chukueni hili bure, maana mimi lilinigharimu usingizi. Uso hauna mstari. Tafuteni mstari mashavuni mwa mama zenu, hamtauona. Kuna mahali mwanga unaishia tu. Na mkichora mtu mweusi, mkebe wa rangi nyeusi ufungeni, mkautie kabatini, ufunguo mpeni jirani. Ngozi yetu inatoka katika nyekundu na manjano na buluu kidogo. Penye kivuli ongezeni buluu, penye jua ongezeni manjano, na juu ya paji la uso wekeni weupe wa mbingu kidogo sana, kama chumvi. Hayo niliyagundua Jumatatu ile, nikiwa nimejipaka hadi kwenye nyusi.

Jumanne nilifunga ubao nyuma ya baiskeli, mikebe nikaitundika kwenye usukani, nikaelekea Ruiru. Zilikuwa siku za hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya mkoloni, na barabarani kulikuwa na vizuizi. Askari mmoja akanisimamisha, akafungua mkebe, akanusa.

"Hii ni nini?"

"Rangi, afande."

"Ya kazi gani?"

"Ya uso wa mama mmoja hapo Ruiru."

Akanitazama kwa huruma. "Kwani ile aliyopewa na Mungu ina shida gani?"

Mvua zilikuwa zimenyesha wiki iliyotangulia, na kahawa ilikuwa imetoa maua. Kama hamjawahi kuona, nendeni mkaone. Mti mzima unajaa maua meupe kutoka shina hadi ncha, na harufu yake tamu inakufuata barabarani kama mtu anayekudai salamu. Na yanadumu siku mbili tatu tu. Tawi moja lilikuwa limejitokeza nje ya ua wa shamba. Nikalivunja, nikalitia mfukoni, nikaendelea na safari.

Mama Njeri alikuwa ameomba ruhusa ya asubuhi. Alikaa juu ya kigoda mbele ya hoteli yake iliyonukia mbao mpya. Na mara tu nilipoinua brashi, uso wake ukafa. Ukakakamaa kama wa mtu anayepigwa picha ya pasi ya serikali. Siku zile picha nyingi zilikuwa za namna hiyo, na watu walijifunza kuzifungia sura zao ndani.

"Mama, tabasamu kidogo."

Akatabasamu kama mtu anayeumwa na jino.

"Basi acha, mama."

"Amua moja, kijana. Nicheke au nisicheke?"

Nikachovya brashi bila kujua naanzia wapi. Na mtu akishikwa na hofu hukimbilia anachokijua, nami nilikijua kifuniko cha biskuti. Sikuwa na nia mbaya. Mdomo ukatoka mdogo kama kifungo cha shati. Mashavu yakawa na wekundu. Macho yakatazama juu, kama mtu anayeona malaika anampitishia kikombe. Rangi ya ngozi peke yake ndiyo iliyokuwa ya Ruiru.

Mama Njeri akaja kuangalia.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Njeri!" Binti yake alikuwa nyuma akiosha sufuria. "Njeri, njoo umsalimie mama yako. Amekuwa mzungu halafu akaanguka kwenye jivu."

Njeri akatoka na mikono yenye maji, akaangalia, akashika nguzo ya hoteli ili asianguke. "Haiya! Mama, huyu anataka kukuuliza kama utaongeza sukari!"

Nikachukua kitambaa chenye tapentaini nikaufuta. Sijui kama mnaelewa aibu ya kufuta uso wa mtu huku mwenyewe amesimama pale anakutazama. Nilianza na mdomo, usije ukasema neno.

Ili nijiokoe nikatoa lile tawi mfukoni. "Angalau maua ninayo, mama. Shika."

Hakushika. "Nani amevunja?"

"Mimi. Hapo njiani."

"Mbugua hakukuona?"

Mbugua alikuwa nyapara wa shamba, msimamizi wa vibarua. Mama Njeri alinieleza habari zake akiwa bado amesimama, mikono kiunoni. Kila ua la kahawa ni tunda litakalokuja, na pale shambani kuvunja ua kulikuwa sawa na kuiba kahawa. Zamani, akipalilia, jembe lake liligonga tawi kwa bahati mbaya likavunjika. Mbugua alimsimamisha mbele ya watu wote akayataja yale maua moja moja kwa sauti, kila ua akiliita la bwana. La bwana, la bwana, la bwana. Wafanyakazi wenzake walicheka kwa sababu Mbugua alikuwa anawaangalia.

"Nimepalilia hiyo miti tangu sina mtoto," alisema. "Kwangu siruhusiwi kupanda hata mmoja. Sasa wewe unaniletea maua ya mfukoni. Aca, hapana! Yale nitakayoshika kwenye picha nitavunja mwenyewe."

"Lini, mama? Yataanguka."

"Ijumaa, nikitoka. Ya upande wa bondeni huwa yanachelewa. Ubao wako uje safi."

Nilirudi Thika na tawi langu, nikiwa nimeapa kwamba uso ukinishinda, ua halitanishinda. Na hapa nawaomba msinicheke sana. Jumatano asubuhi nililiweka tawi kwenye mkebe wa maji, nikaanza kulichora ubaoni, petali kwa petali. Kufikia mchana kingo za petali zilikuwa zimeanza kuwa kahawia. Mimi mpenda usahihi nikasahihisha, nikatia kahawia. Jioni ua likainama. Nikafuta, nikachora limeinama. Alhamisi petali mbili zilianguka, nikazifuta zile mbili, na moja nikaichora imelala mezani. Kila likibadilika nami nalifuata. Alhamisi jioni nilikuwa nimemaliza picha ya kweli kabisa ya takataka.

Fundi Nathani akaiinamia. "Hoteli inafunguliwa au inazikwa?"

"Nimechora nilichoona, Fundi."

"Umechora siku mbili. Ua ni la saa moja."

Sidhani kama alijua amesema kitu kikubwa. Aliendelea kutafuta koti lake. Lakini nililala na maneno hayo kichwani badala ya herufi iliyonenepa, na Ijumaa niliufuta ubao wote, nikaondoka tena na baiskeli, ubao mtupu na mikebe, bila kitu kingine zaidi ya hofu.

Nilimsubiri Mama Njeri kwenye njia inayopita kando ya shamba, upande wa bondeni. Alitokea saa kumi hivi, jembe begani, peke yake. Akaniona, akaweka kidole mdomoni. Akatazama juu ya njia, akatazama chini. Kisha akasogelea mti wa upande wa kivuli, akashika tawi dogo lililojaa maua, akalivunja. Ile sauti ndogo, ta! Nilihisi imesikika hadi Nairobi.

Iwe ilisikika au haikusikika, baiskeli ya Mbugua ilitokea kwenye kona hapohapo. Mwanamume mfupi, soksi za kufika magotini, kofia imenyooshwa. Akashuka karibu na mimi. Mama Njeri akageuka kututazama, mkono wa kulia ukiwa mgongoni.

"Nyina wa Njeri, unafanya nini hapo?"

"Naaga miti."

"Inakujibu?"

"Inajibu kuliko wewe."

"Huo mkono una nini?"

"Una kidonda."

"Cha nini?"

"Cha jembe lenu. Nilete ukifunge?"

Mbugua akarudi nyuma hatua moja. Kisha akainua pua. "Nasikia harufu ya maua."

"Mbugua," akasema Mama Njeri polepole, "umesimama mbele ya shamba zima la maua."

Na hapo, vijana wangu, nikaona uso. Kidevu kilikuwa juu. Nyusi moja ilikuwa imepanda kuliko ya pili. Mdomo ulikuwa umefungwa kabisa, adabu tupu, lakini pembe moja ilikuwa inavutwa na kicheko kilichokuwa kimekaa ndani kikisubiri nyapara aondoke. Na macho yalikuwa yanamtazama Mbugua moja kwa moja, kama macho ya mtu ambaye kwa mara ya kwanza anamtazama kutoka juu.

Mbugua akazunguka, akauliza ubao wangu ni wa nini, nikamwambia ni wa hoteli, akapanda baiskeli akaenda. Mama Njeri akafungua mdomo acheke.

"Usicheke!" nilipiga kelele. Kijana kama mimi, kumpigia mama kelele! "Mama, tafadhali, hicho kicheko kiache ndani. Leta mkono mbele. Hivyo hivyo."

Sikutoa uzi. Hakukuwa na wakati, jua lilikuwa linashuka na ule uso ulikuwa unataka kukimbia. Niliuegemeza ubao kwenye baiskeli, nikapiga magoti kwenye nyasi nikachora nikianza na nyusi. Brashi kubwa kwanza, ile ya kupaka rangi ya chini kwenye malori. Vivuli, kisha mwanga, kisha macho. Mama Njeri alisimama na jembe lake begani, akitetemeka kwa kicheko alichokatazwa, kila dakika akiniuliza kati ya meno, "Bado? Bado?" Ua nililichora mwisho. Lilikuwa limebanwa mkononi, petali nyingine zimekunjika. Nilitia kijivu chenye ubuluu, kijani kidogo ndani, na nyeupe tupu mahali pamoja tu, penye jua. Chukueni na hilo: ua jeupe halina weupe mwingi. Mkiumwaga wote mtapata chokaa.

Niliposimama niliona sikio la kushoto limekuwa kubwa. Nikachukua kitambaa.

Mama Njeri akaninyang'anya. "Imetosha."

"Mama, sikio."

"Sikio linasikia?"

"Mama, ni kubwa mno."

"Basi litasikia zaidi. Funga mikebe yako."

Jumamosi ubao ulitundikwa juu ya mlango rangi ikiwa bado mbichi. Vumbi lilishika, na nzi mmoja akanaswa shavuni, akawa kama baka la kuzaliwa. Watu wa kahawa walikuja wengi. Fundi Nathani alishuka kwenye treni, akaja na koti lake la kanisani, akasimama chini ya bango mikono nyuma, akatega masikio. Nilijificha nyuma yake nikingoja mtu aulize, huyu ni nani.

Hakuna aliyeuliza. Walifika, wakainua macho, na kila mmoja akaanza kucheka kabla hajajua anacheka nini. Mama mmoja mzee alisogea karibu, akakunja macho. "Ngai! Nyina wa Njeri ameiba kitu," alisema. "Nimelima naye mstari mmoja, namjua. Ameiba kitu na hajakamatwa."

Nilianza kupumua. Kisha watu wakapisha njia, kwa kuwa Mbugua alikuwa amefika.

Alilitazama bango. Alitazama nyusi, akatazama mdomo, akatazama mkono. Niliona anavyorudi, kidogo kidogo, kwenye ile njia ya jana. Shingo yake ikavimba.

"Kidonda," akasema.

Hapo nikaelewa nilichofanya. Nilikuwa nimetafuta siku nne uso unaosema, na sasa ulikuwa umesema kila kitu mbele ya nyapara. Siku zile neno moja la nyapara kwa bwana, na la bwana kwa polisi, lilitosha kufunga hoteli kabla maji hayajachemka. Fundi Nathani naye alielewa. Alinishika mkono akaufinya hadi ukafa ganzi.

"Hayo maua," Mbugua akasema kwa sauti ya shambani, "ni ya bwana."

Mama Njeri akatoka mlangoni na birika. Akasimama chini kabisa ya uso wake, na sitanii, zilikuwa nyusi zilezile.

"Ni ya bwana?"

"Ni ya bwana."

"Yote?"

"Yote!"

"Basi panda uyachume umpelekee. Ngazi iko hapo."

Hakuna aliyecheka mara moja. Walimtazama Mbugua, na Mbugua akaitazama ngazi. Nadhani alijiona yuko juu yake na soksi zake ndefu, anakwaruza rangi mbichi kwa kucha, na kijiji kizima kiko chini. Yule mama mzee ndiye aliyeshindwa kwanza. Akatoa kicheko kimoja chembamba, na wengine wote wakamfuata, na safari hii Mbugua alikuwa anawaangalia na hawakuacha.

Akavua kofia. Akapangusa kichwa. "Chai iko?" akauliza.

"Iko. Ingia, ukae."

Akaingia, akakaa na mgongo wake ukielekea mlangoni.

Fundi Nathani aliachilia mkono wangu. Alilitazama bango kwa mara ya mwisho, kichwa akikiinamisha upande huu na upande ule, kama alivyofanya kwa kazi zangu zote.

"Jumatatu uje mapema," alisema. "Kuna kinyozi anataka vichwa vitatu." Akafunga kifungo cha koti. "Lakini lile sikio, Wanjala, ni baya. Ni baya sana."

Aliingia kunywa chai akaniacha nje. Brashi ndogo ilikuwa mfukoni. Ngazi ilikuwa palepale, imeegemea ukuta, na hakuna mtu aliyekuwa ananitazama. Nikaweka mguu kwenye kipandio cha kwanza. Kisha nikamsikia Njeri anauliza ndani kama yule mchoraji wa mzungu wa jivu anaongeza sukari, nikaingia.